Mkono Mtupu Haulambwi, Hata Kwenye Chanjo

Juzi nilikuwa kijiweni Ushirombo, jirani na stendi, nakunywa kahawa. Jamaa mmoja akatutangazia: "Chanjo hizi za Bill Gates, anataka tusizae!" Dada mwenye mtoto mgongoni akamgeukia: "Kaka, wewe ulichanjwa utotoni, na watoto unao wanne. Umezuiwa wapi?" Kijiwe kizima hoi.

Nilicheka, lakini rohoni nikajiuliza: kwani huyu tajiri ana sauti kiasi gani? Msomaji wangu, anayo, tena kubwa. Yeye na Melinda, mkewe wa wakati huo, ndio waliotoa dola milioni 750 za kuianzisha Gavi, iliyozinduliwa mwaka 2000. Gavi ikaisaidia Tanzania kuleta chanjo ya kuharisha ya rota (2012) na ya saratani ya mlango wa kizazi (2018). Hapo tusibishe, shukrani anastahili.

Ila mwaka 2008 magazeti yaliunasa waraka wa Arata Kochi, bosi wa malaria katika Shirika la Afya Duniani. Alilalamika kuwa fedha za Gates zinawafunga watafiti kundi moja, wenye mawazo tofauti hawasikiki. Hilo ndilo la kuuliza vijiweni, siyo habari za kutozaa.

Jamani, mkono mtupu haulambwi. Mwaka 2001, kule Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Gates naye ametangaza kuifunga taasisi yake mwaka 2045. Dada yangu, huyo wa mgongoni atakuwa naye ana wa kumpeleka kliniki. Nani atalipa?