Kaunta ya jikoni: Usihadaike na mng'aro wa dukani

KATIKA nyumba nyingi zinazojengwa viungani mwa mji wa Kakamega, zamu ya jikoni hufika pesa zikiwa karibu kumwishia mwenye nyumba. Kuta zimesimama, paa limeezekwa na madirisha yametiwa vioo, lakini kaunta ya kuandalia chakula bado haijawekwa. Hapo ndipo anaposhawishika kununua ile ya bei nafuu inayong'aa, na baada ya miaka michache hulazimika kuing'oa na kutoboka mfuko mara ya pili.

Kabla ya kuulizia bei, ni vyema kuzingatia kazi inayoingoja kaunta hiyo. Jikoni mwa familia kubwa, sufuria ya ugali hutuliwa ikiwa ingali moto, unga wa chapati hukandwa papo hapo, kuku hukatwakatwa wageni wanapobisha hodi, na mboga kama mrenda na kunde huoshwa kwa maji mengi. Isitoshe, Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo unyevu ni wa daima. Kwa maoni yangu, adui mkubwa wa kaunta si kisu wala moto, bali maji, na mahali pa kwanza kuoza ni ukingoni mwa sinki.

Ndiyo sababu mbao zilizoundwa kwa chembechembe za miti na gundi, kisha zikafunikwa kwa formaika, zimewaponza wengi. Fundi akikata tundu la sinki, chembechembe hubaki wazi. Maji hupenya, ubao huvimba, na ukishavimba haurudi ulivyokuwa. Aliyekwisha kuuweka anaweza kurefusha maisha yake kwa kuziba kingo zote za tundu kwa silikoni, hata zile za chini zisizoonekana.

Vigae vyenyewe ni vigumu. Udhaifu wake umo katika maungio, ambayo hunyonya manjano na mafuta hadi yakashindwa kusafishika.

Kuhusu itale, wakazi wa eneo hili hawahitaji kufundishwa ugumu wake, kwani wameizoea miamba ya Maragoli katika kaunti jirani ya Vihiga. Haitishwi na sufuria ya moto wala kisu. Hata hivyo, ni nzito mno: bamba la unene wa sentimita 2 lina uzani wa takriban kilo 54 kwa kila mita mraba, na kabati hafifu haliwezi kulistahimili. Muuzaji akikuonyesha kipande, kidondoshee maji ya ndimu na usubiri. Kikipoteza mng'aro, hiyo ni marumaru, ambayo huliwa na asidi.

Yapo pia mawe yanayoundwa viwandani kwa chembe za kwazi na gundi ya plastiki. Hayanyonyi maji, lakini gundi hiyo huharibiwa na joto kali. Vumbi lake linapokatwa huharibu mapafu ya mafundi, na kwa sababu hiyo Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024. Jiwe lolote likatwe likiwa limeloweshwa maji, na fundi avae barakoa.

Kwa familia yenye kipato cha wastani, ningependekeza zege lenye vyuma ndani, lililomwagwa papo hapo na kumaliziwa kwa terazo. Halivimbi, na likikwaruzika husuguliwa upya. Kasoro yake ni kwamba saruji nayo huchujuka kwa ndimu, hivyo lipakwe dawa ya kuziba vinyweleo na kufutwa upesi.

Kosa linalorudiwa ni haraka. Zege linapaswa kumwagiliwa maji kwa angalau siku 7, na hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Anayelisugua na kupanga vyombo wiki ya kwanza asishangae likifanya nyufa. Uso wake uelekezwe kidogo upande wa sinki ili maji yasituame.

Jambo jingine ni kimo. Mafundi wengi hutumia sentimita 90 bila kumuuliza mpishi, ambaye mara nyingi hata hayupo siku ya kupima. Mwite asimame, akunje kiwiko, kisha upime sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko hicho. Upande wa kukandia chapati uwe chini zaidi kidogo. Vipimo hivyo vichukuliwe kabla ya mbao za kufinyangia zege kupigiliwa misumari.