Mkono Unaochora na Ulimi Unaofunza: Maandalizi ya Mwalimu wa Sanaa katika Likasi na Katanga

Utangulizi

Mwanafunzi anayesoma sanaa ya uchoraji katika chuo kikuu, na wakati huohuo akaandaliwa kuwa mwalimu wa somo hilo, hubeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni wa mkono: lazima ajue mstari, umbo, rangi, mwanga na kivuli, na avijue kwa kutenda, si kwa kusoma tu. Mzigo wa pili ni wa ulimi: lazima aweze kumweleza mtu mwingine kile ambacho mkono wake umekwisha kukizoea kiasi cha kukifanya bila kufikiri. Aghalabu mizigo hii miwili huchukuliwa kana kwamba ni mmoja. Hudhaniwa kuwa anayejua kuchora atajua pia kufundisha kuchora. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ina kasoro, na kwamba katika Katanga suala la ulimi haliwezi kutenganishwa na suala la lugha ya Kiswahili.

Tumeuchagua mji wa Likasi kuwa kituo cha mjadala wetu. Mji huu, ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville, uko kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, katika mkoa ambao tangu 2015 unaitwa Haut-Katanga. Ni mji uliojengwa juu ya shaba. Wafanyakazi waliokuja kutoka pande nyingi za Kongo na nchi jirani walikutana katika Kiswahili, nacho kikawa lugha ya kambi, ya soko na ya nyumbani. Shule ya sekondari na chuo, kwa upande wake, huendeshwa kwa Kifaransa. Kwa hiyo mwalimu wa sanaa huingia darasani akiwa na msamiati wa lugha moja, na kuwakuta wanafunzi ambao macho yao yamefunzwa kutazama picha kwa lugha nyingine.

Mafunzo mawili katika chuo kimoja

Kabla ya kuitazama Katanga, inafaa tukumbuke mfano wa Makerere, ambako uchoraji na ualimu vilikaribiana tangu mwanzo. Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa amesomea uchoraji katika shule ya Slade, London, kisha akasomea ualimu wa sanaa chini ya Marion Richardson. Kwa Richardson alijifunza mbinu moja muhimu: mwalimu haweki kitu mezani ili kinakiliwe, bali huisimulia taswira kwa maneno, nao wanafunzi huiona akilini kabla ya kushika brashi. Trowell aliipeleka mbinu hiyo Uganda, katika jamii ambazo hazikuwa ngeni kwa masimulizi.

Katika darasa lake alitoka Sam Ntiro wa Kilimanjaro, ambaye baadaye alifundisha hapohapo Makerere na kuendelea na masomo Slade. Alitoka pia Elimo Njau, aliyesomea sanaa na kupata mafunzo ya ualimu, kisha mwaka 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi. Kwa wasanii hawa kufundisha hakukuwa kazi ya pembeni ya kutafutia riziki tu. Kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe ya sanaa.

Tunachopaswa kukizingatia hapa ni utaratibu. Mwanafunzi wa namna hii hugawa wiki yake kati ya karakana na darasa la ualimu. Katika karakana husahihishwa kwa jicho: mwalimu hutazama, hunyoosha kidole, hufuta mstari na kuuchora upya. Katika darasa la ualimu hutakiwa kupanga somo, kutaja lengo lake, kukadiria muda na kupima matokeo. Kisha huja mazoezi ya kufundisha, na hapo ndipo udhaifu hudhihirika. Mwanafunzi aliyezoea kusahihishwa kwa kidole hujikuta mbele ya watoto arobaini au zaidi, wala hana vidole vya kuwatosha wote. Hubakiwa na maneno.

Shule za Elisabethville

Katika Kongo njia hizi mbili zilikua mbalimbali. Shule za sanaa zilianzishwa ili kuzaa wasanii, na vyuo vya ualimu ili kuzaa walimu. Hata leo mwanafunzi wa Kongo anayetaka kufundisha sekondari hupitia chuo cha juu cha ualimu, au huongeza juu ya masomo yake ya chuo kikuu mafunzo ya pekee ya ualimu, yaitwayo agregasyoni.

Mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha mwaka 1946 karakana iliyojulikana kwa jina la Hangar. Aliwakataza wachoraji wake kuiga kazi za Ulaya, akawataka kila mmoja atafute njia yake. Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi iliyopishana. Pilipili Mulongoy alijulikana kwa samaki, ndege na majani yaliyopangwa kwa subira kubwa. Mwaka 1951 Mbelgiji Laurent Moonens akafungua katika mji huohuo Akademia ya Sanaa, iliyofuata taratibu za shule za Ulaya. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, baadhi ya wachoraji wake, wakiwamo Pilipili na Mwenze, walikwenda kufundisha katika Akademia hiyo.

Hatua hii yahitaji kutafakariwa. Mtu aliyefundishwa kwa kuachwa atafute mwenyewe alitakiwa sasa awafundishe wengine katika shule yenye ratiba na mitihani. Mkono wake ulikuwa wa fundi mkubwa, na hilo halina ubishi. Lakini mtindo wa Mwenze ni wa Mwenze. Akiwapa wanafunzi mistari yake, atazaa waigaji, yaani kile hasa Hangar ilichokataza. Akitaka kuwapa njia ya kuupata mtindo wao wenyewe, yampasa aeleze namna alivyoupata wake. Maelezo hayo ndiyo kiini cha ualimu wa sanaa, na kipaji peke yake hakimpi mtu.

Ukumbusho: Kiswahili cha picha

Wakati shule zikiendelea na kazi zake, katika miji ya migodi kulikuwa na uchoraji mwingine usiotegemea shule. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, wakauza picha zao kwa wafanyakazi na makarani, nazo zikatundikwa kwenye kuta za sebule. Humo alikuwamo mamba muntu, yule kiumbe nusu mwanamke nusu samaki. Ilikuwamo pia picha ya ukoloni wa Kibelgiji, yenye mfungwa anayechapwa na askari huku Mzungu akitazama.

Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliozichunguza picha hizo, waligundua kuwa watu walizipima kwa neno moja: ukumbusho. Picha njema ni ile inayomkumbusha mwenye nyumba jambo, na kumfanya alizungumze na mgeni wake. Picha zilipangwa kwa nyakati: mambo ya mababu, mambo ya zamani, mambo ya leo. Kwa maneno mengine, jamii ilikuwa na nadharia yake ya sanaa, nayo ilitamkwa kwa Kiswahili.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Hakupitia akademia yoyote. Fabian alikutana naye mwaka 1973, alipokuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini Lubumbashi. Tshibumba alimchorea historia nzima ya nchi katika picha 101, na kuhusu picha hizo alizungumza naye kwa Kiswahili cha Katanga kilichochanganyika na Kifaransa. Mazungumzo yao yalichapishwa katika kitabu cha mwaka 1996. Katika mazungumzo hayo profesa ndiye mwanafunzi. Mchoraji hueleza kwa nini ameweka jambo fulani mahali fulani, hujibu maswali, husahihisha dhana ya msikilizaji, na husisitiza kwamba picha ni kazi ya kuwaza. Mtu asiye na cheti alifanya kile ambacho mwenye cheti hushindwa mara nyingi kukifanya.

Darasani

Je, mwalimu mwanagenzi wa Likasi afanye nini na urithi huu? Tuchukue mfano wa ile picha ya mfungwa. Badala ya kuanza na istilahi ya mpangilio wa picha kwa Kifaransa, na aulize kwanza: Nani yuko katikati? Nani amesimama pembeni, na kwa nini hachapi yeye mwenyewe? Bendera iko wapi? Wanafunzi wataona kuwa anayeamuru amewekwa mbali na fimbo, na kwamba umbali huo umechorwa kwa makusudi. Baada ya hapo istilahi itakuja kulipa jina jambo ambalo tayari limeonekana. Kisha kila mmoja achore tukio ambalo nyumbani kwao hulisimulia, na akimaliza alieleze mbele ya wenzake. Magunia, udongo na vipande vya shaba vinatosha kuanzia.

Wako watakaosema kwamba kufanya hivi ni kuishusha hadhi ya somo, na kwamba mtihani ni wa Kifaransa. Hoja ya mtihani ni ya kweli, wala hatuipuuzi. Lakini mwanafunzi aliyekariri jina la jambo ambalo hajaliona hatalikumbuka hata kwa Kifaransa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kusomea sanaa na kusomea kuifundisha ni kazi mbili zinazotegemeana, na kwamba ya pili haiji yenyewe kwa sababu ya ya kwanza. Makerere ilizikaribisha pamoja. Elisabethville ilizitenganisha, kisha ikawatwika mafundi mzigo wa ualimu. Wachoraji wa magunia walizaa, nje ya kuta za shule, lugha ya kuielezea picha. Lugha hiyo bado haijakusanywa wala kupangwa kwa ajili ya darasa. Kazi hiyo inawahusu wanafunzi wa Kiswahili sawasawa na wanafunzi wa sanaa, na ingefaa waifanye pamoja, wakianzia kwa wazee ambao bado wanakumbuka picha zilizotundikwa sebuleni mwao.