Dalili ya Mvua ni Mawingu: Kipimo na Uhai katika Utafiti wa Tezi za Parathairoidi

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, mkulima mzoefu anafahamu kuwa si kila wingu huleta mvua. Tofauti hii baina ya dalili na jambo lenyewe imezua mjadala mzito katika utafiti wa kitabibu. Makala haya yanaufafanua mjadala huo kwa kurejelea matibabu ya tezi za parathairoidi zinazofanya kazi kupita kiasi.

Tezi na Kazi Yake

Tezi za parathairoidi kwa kawaida ni nne, kila moja ikikaribia punje ya mchele kwa ukubwa. Hupatikana shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, na ndiyo maana zikapewa jina lenye kiambishi "para", ambacho kwa Kiyunani huwa na maana ya "kando ya". Ivar Sandström, wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Uswidi, alichapisha maelezo kuzihusu katika mwili wa binadamu mwaka wa 1880.

Kazi ya tezi hizi ni kutoa homoni inayodhibiti kalsiamu katika damu. Kalsiamu inapopungua, homoni huongezeka. Mifupa ikaachilia akiba yake, nazo figo zikazuia madini hayo yasipotee kwa mkojo.

Aina Mbili za Maradhi

Katika aina ya kwanza, kasoro imo katika tezi yenyewe. Mara nyingi tezi moja huwa na uvimbe usio wa saratani, na upasuaji wa kuuondoa ndio tiba. Felix Mandl aliufanya upasuaji wa namna hii mjini Vienna mwaka wa 1925.

Katika aina ya upili, chanzo kiko kwingine. Figo zinaposhindwa kufanya kazi, fosfeti hulimbikizana katika damu, vitamini D hukosa kuamilishwa ipasavyo, na kalsiamu hupungua. Tezi hulazimika kutoa homoni bila kikomo. Mifupa hudhoofika, na kalsiamu huweza kujikita katika kuta za mishipa ya damu. Wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine ndio huathirika zaidi.

Mawingu Yatanda

Mwaka wa 2004 dawa ya sinakalseti iliidhinishwa nchini Marekani. Dawa hii huifanya tezi ihisi kana kwamba kalsiamu ni nyingi, nayo ikapunguza homoni. Vipimo vya damu vilidhihirisha kuwa homoni ilishuka kweli. Tumaini likazuka: ikiwa homoni nyingi huandamana na maradhi ya moyo na vifo, basi kuishusha kutaokoa maisha.

Tumaini hilo lilijaribiwa katika utafiti ulioitwa EVOLVE, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2012. Wagonjwa 3,883 waliokuwa wakisafishwa damu waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa sinakalseti, wengine kidonge kisicho na dawa, na wote wakaendelea na matibabu yao ya kawaida. Kilichohesabiwa hakikuwa kiwango cha homoni, bali vifo na matukio makubwa ya moyo na mishipa.

Miongoni mwa wagonjwa 1,948 waliopewa dawa, 938 walipatwa na mojawapo ya mambo hayo. Miongoni mwa 1,935 wa kundi la pili, 952. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba ingeweza kuletwa na bahati tu. Ni kweli kwamba waliopewa dawa walikuwa na umri mkubwa kidogo, na hesabu zilizozingatia tofauti za namna hiyo ziliashiria manufaa. Aidha, baadhi ya wagonjwa wa kundi la pili waliishia kutumia dawa iyo hiyo. Lakini hesabu iliyokuwa imekubaliwa kabla ya utafiti kuanza haikuthibitisha kuwa dawa huokoa maisha.

Hii haimaanishi kwamba dawa haina faida. Waliopewa sinakalseti walihitaji upasuaji wa kuondoa tezi mara chache zaidi. Hali kadhalika, mwaka wa 2017 jaribio la wagonjwa 683 lilionyesha kwamba etelkalsetidi, inayotiwa mshipani, huishusha homoni kuliko sinakalseti. Hata hivyo, jaribio hilo nalo lilikuwa limepangwa kupima homoni, si urefu wa maisha.

Hitimisho

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili si la madaktari pekee. Kushuka kwa kipimo, kupata nafuu, kupona na kurefushiwa maisha ni dhana nne tofauti, na lugha ina maneno ya kuzitenga. Mfasiri au mwanahabari anayeandika kwamba "dawa inaokoa maisha", ilhali watafiti walisema "inapunguza homoni", humpa mgonjwa ahadi ambayo hakuna aliyeitoa. Huenda jamaa zake wakauza shamba kwa ajili ya neno hilo moja. Usahihi wa msamiati, basi, ni sehemu ya matibabu.