Moyo ukidunda kabla ya mechi: vijana wa Masisi na Walikale na hofu ya michezo ya risasi kwenye simu

Mechi imebakiza watu wawili: wewe na adui mmoja. Wenzako watatu wa kikosi wameshaangushwa na sasa wanatazama kupitia skrini yako. Adui anatokea nyuma ya ukuta. Ni mtu ambaye mazoezini ungempiga bila kufikiri mara mbili. Lakini leo kidole gumba kinateleza kwa jasho, mkono unatetemeka, risasi zinakwenda pembeni. Skrini inageuka nyekundu. Umekosa, na wenzako wameona.

Hali hiyo anaijua kila anayecheza Free Fire, PUBG Mobile au Call of Duty: Mobile, awe Seoul, Nairobi, au Mubi wilayani Walikale. Si ugonjwa wala si uchawi, na si dalili kwamba mchezaji hajui kucheza. Ni hofu ya kufanya jambo mbele ya macho ya watu, na wataalamu wa saikolojia ya michezo wana njia za kuifundisha itulie.

Kwa vijana wa Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini, kuna swali jingine juu ya hilo. Moyo unapodunda kwa mlio wa bunduki ya kwenye simu, je, ni hofu ya mechi, au ni kumbukumbu ya bunduki ya kweli? Majibu ya maswali hayo mawili hayafanani.

Penalti ya Mpasi

Wapenda soka wa Kongo wanaijua hofu hii kwa jina la penalti. Tarehe 28 Januari 2024, mjini San-Pédro nchini Ivory Coast, Leopards walitoka sare ya 1-1 na Misri katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Penalti zikapigwa mpaka zamu ikawafikia makipa. Kipa wa Misri, Gabaski, akagonga mwamba. Lionel Mpasi, kipa wa Kongo, akaweka mpira chini, akapiga, akafunga. Kongo ikashinda 8-7.

Mita 11, mpira uliosimama, goli kubwa: mazoezini hata kijana wa mtaani hufunga. Umbali haubadiliki siku ya mechi. Kinachobadilika ni macho ya watu na uzito wa matokeo.

Mwilini mambo huenda hivi. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini. Moyo hukimbia, pumzi hufupika, viganja hutoa jasho, na misuli hukaza tayari kwa kupigana au kukimbia. Kwa mtu anayefukuzwa na mnyama msituni, huo ni msaada mkubwa. Kwa mtu anayetaka kusogeza kidole milimita mbili tu kwenye kioo cha simu, nguvu hizo zote hazina pa kwenda. Ndiyo maana mkono hutetemeka.

Tatizo la pili liko kichwani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, mwanasaikolojia wa Marekani Roy Baumeister alionyesha kwamba mtu anapobanwa afanye vizuri, huanza kuchunguza kila hatua ya kazi ambayo mwili wake unaijua tayari, na hapo ndipo anapoharibu. Sehemu ya utafiti huo ilifanyika kwenye ukumbi wa mashine za michezo ya video. Wachezaji waliowekewa shinikizo walipata alama za chini kuliko kawaida yao.

Fikiria mama anayeshuka kilima cha Masisi, mzigo ukiwa mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Miguu yake inajua njia. Mwambie aanze kuifikiria kila hatua anayoikanyaga, na hapo hapo atajikwaa.

Timu iliyokuwa ikishindwa dakika za mwisho

Mfano mkubwa zaidi katika michezo ya risasi unatoka Denmark. Timu ya Astralis, iliyoanzishwa mwaka 2016, ilikuwa na wachezaji hodari wa Counter-Strike, lakini sifa yao mbaya ilijulikana na wote: wakifika hatua kubwa, huvunjika. Mashabiki waliwacheka kwa hilo kwa muda mrefu.

Mwaka huohuo timu ilimwita Mia Stellberg, mwanasaikolojia wa michezo kutoka Finland. Yeye hakwenda kuwafundisha kulenga shabaha, maana kulenga walishajua. Kazi yake ilikuwa vichwa vyao: watulie vipi, wazungumze vipi raundi inapopotea, wafanye nini kabla na baada ya mechi.

Mnamo Januari 2017, mjini Atlanta, Marekani, Astralis walifika fainali ya shindano kuu la Counter-Strike na kukutana na Virtus.pro ya Poland. Walishinda kwa ramani 2 dhidi ya 1. Baadaye timu hiyo ilitwaa mataji mengine matatu ya ngazi hiyo: London mwaka 2018, kisha Katowice na Berlin mwaka 2019.

Hata hivyo, hofu na msongo havikuondoka milele. Mwaka 2020, wachezaji wawili wa kikosi hicho, Lukas Rossander na Andreas Højsleth, walipumzika kwa muda kwa sababu ya msongo na uchovu. Kama mabingwa wa dunia hupumzika, kijana anayecheza saa nyingi usiku asione aibu kuweka simu chini.

Mambo sita ya kufanya

Kwanza, pumua taratibu kabla ya mechi. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, kwa dakika 2 hivi. Kutoa pumzi polepole hupunguza mwendo wa moyo. Haigharimu mega hata moja.

Pili, badilisha maneno unayojiambia. Mwaka 2014, mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha utafiti ambamo watu waliimba mbele ya mchezo wa video wa karaoke uliowapa alama. Waliojiambia kwamba wana hamasa waliimba vizuri kuliko waliojiambia kwamba wana hofu. Moyo unaodunda kwa hamasa na moyo unaodunda kwa hofu ni uleule. Kusema "tulia" mwili ukiwa tayari umewaka ni vigumu. Kusema "niko tayari" ni rahisi zaidi.

Tatu, kuwa na utaratibu mmoja kabla ya kila mechi: mahali palepale, uwanja wa mazoezi kwa dakika chache, mikono iliyoandaliwa. Hapa hali ya hewa ina neno lake. Kwenye vilima vya Masisi, baridi ya asubuhi hukaza vidole, kwa hiyo visugue kwanza vipate joto. Walikale, joto la msitu hulowesha viganja, kwa hiyo weka kitambaa kikavu karibu.

Nne, fanya mazoezi ukitazamwa. Anayecheza peke yake chumbani kila siku atashtuka siku ya kwanza akizungukwa na watu. Waite majirani watatu wasimame nyuma yako. Wekeaneni soda moja. Macho ya watu yakizoeleka mazoezini, hayatakuwa mageni kwenye shindano.

Tano, chagua kazi moja ya kuangalia, si matokeo. "Nisishindwe" si kazi ambayo kidole kinaweza kuifanya. "Nitazame mlango wa kushoto" ni kazi. Baada ya kuangushwa, uliza swali moja tu: ningesimama wapi? Kisha endelea.

Sita, tenganisha kosa lako na kosa la mtandao. Hili ni muhimu kuliko yote kwa mchezaji wa vijijini. Amri ya kidole husafiri hadi kwenye seva, na majibu hurudi. Katika nyaya za mwanga, habari husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ikiwa seva iko umbali wa kilomita 6,000, mfano Ulaya, kwenda na kurudi peke yake huchukua milisekunde 60 kwa uchache, kabla ya kuongeza udhaifu wa mnara wa simu. Adui aliye karibu na seva amekuona kabla hujamwona. Kujilaumu kwa hilo ni kuongeza hofu ya mechi ijayo bila sababu.

Kuna pia mzigo ambao wachezaji wa miji tajiri hawaujui. Anayenunua mega kidogo kidogo na kulipa ili kuchaji simu huona kila mechi kama fedha inayoteketea, na mtu anayehesabu fedha huku akilenga hawezi kulenga sawasawa. Afadhali kuamua mapema: leo ni mechi tatu, fedha yake imeshatoka, ishinde au ishindwe.

Bunduki isiyozimwa kwa kitufe

Yote hayo yanahusu hofu ya mechi. Lakini Masisi na Walikale si mahali ambapo mlio wa risasi ni jambo la simu tu.

Mwisho wa Aprili 2024, waasi wa M23 waliuteka mji wa machimbo wa Rubaya, wilayani Masisi. Januari 2025 waliingia Masisi-centre, na mwishoni mwa mwezi huo wakauchukua mji wa Goma. Machi 2025 walifika Walikale-centre, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Familia nyingi zilikimbia zaidi ya mara moja. Tarehe 7 Februari 2024, kabla ya nusu fainali dhidi ya Ivory Coast, Mpasi na wenzake walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja ukiziba mdomo na vidole viwili vikiwa kwenye kichwa kama bunduki, ili dunia iione hali ya mashariki mwa Kongo.

Vita hivyo vina uhusiano hata na simu yenyewe. Koltani ya Rubaya hutoa tantalamu inayotumika kwenye vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba eneo hilo hutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia. Bati la Bisie, wilayani Walikale, ni la aina inayounganisha vipande vya simu kwa kulehemu. Kijana wa huku anashika mkononi madini ya nyumbani kwao, akicheza vita vya kubuni.

Kwa baadhi ya vijana mchezo huo ni pumziko, kwa sababu hapo mtu akipigwa risasi huanza upya. Kwa wengine, mlio ni ufunguo wa mlango uliofungwa. Tofauti huonekana baada ya mechi. Hofu ya mechi huisha mechi ikiisha: dakika chache, moyo unatulia, utani unaanza. Hofu ya vita haifuati saa ya mchezo. Huja usiku kwa ndoto mbaya, humfanya mtu ashtuke mlango ukigongwa, humrudishia picha asizotaka, humfanya akwepe sehemu fulani au watu fulani.

Dalili hizo zikiendelea zaidi ya mwezi mmoja, au zikimzuia mtu kulala, kusoma au kufanya kazi, mbinu za pumzi na maneno hazitoshi. Anahitaji kuzungumza na mhudumu wa afya. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, limesaidia kwa miaka mingi hospitali kuu za rufaa za Masisi na Walikale, na kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Anayecheza naye ana wajibu wake. Mlio wa bunduki kwenye simu iliyofunguliwa sauti hadi mwisho unaweza kumwamsha bibi wa jirani aliyekimbia mara mbili mwaka mmoja. Vaa vipokea sauti vya masikioni, au punguza sauti.

Kwa mzazi au kaka anayemwona mdogo wake akitetemeka na simu mkononi, neno "acha uoga" halisaidii. Ngoja mechi iishe. Kaa naye robo saa, umuulize kama moyo umetulia. Ukiwa umetulia, ilikuwa mechi tu, na kesho atapiga vizuri zaidi. Ukiwa bado unadunda, muulize alikumbuka nini, na umsikilize mpaka amalize.