Mshubiri Mzee wa Debeni

Mshubiri uliokaa miaka mingi katika debe hufa zaidi kwa kuzidishiwa maji kuliko kwa kiu. Nimeitwa nyumba nyingi kutazama mshubiri uliolegea, na karibu kila mara mwenyewe alikuwa akiumwagilia kila siku. Alipoona majani yanalegea akazidisha. Majani hayo yalilegea kwa sababu mizizi ilikuwa imeoza, na mizizi iliyooza hainywi maji.

Kabla ya kumwagilia, tia kidole udongoni kiasi cha inchi 2. Ukikuta unyevu, ngoja. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya debe, kisha acha. (Debe lisilotobolewa chini halifai hata kidogo.)

Shina likiwa laini na kunuka, ng'oa mshubiri wote. Kata kwa kisu safi sehemu yote iliyooza mpaka uone nyama nzima, kisha uweke kivulini siku 4 au 5 ili jeraha likauke. Panda tena katika udongo mkavu uliochanganywa na mchanga wa mtoni, nusu kwa nusu. Mchanga wa pwani una chumvi, usiutumie. Usimwagilie kwa muda wa juma zima, hata ukiuonea huruma.

Vitoto vya ubavuni vikifikia urefu wa kiganja, viondoe pamoja na mizizi yake ukavipande mbali.

Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani huharisha vibaya. Watoto na wajawazito wasipewe.