Tanga, Dizeli na Umeme Katika Chombo Kimoja

Nahodha wa mwambao wetu alikaa na mke mmoja karne kwa karne, naye ni tanga. Kisha akaja dizeli, mke wa pili, na kama tujuavyo ada ya mke mdogo, alipendwa hata mkubwa akasahauliwa pembeni. Leo nataka kuwazungumzia wasomaji juu ya bibi wa tatu anayepiga hodi. Huyu ni umeme. Wenye mashua za tanga wa Ulaya na Marekani wamekwisha kumtia chomboni pamoja na dizeli, nasi yafaa tumtazame uso kabla ya kumkubali au kumkataa.

Si mgeni kama anavyodhaniwa. Mwaka 1838 Moritz Jacobi aliendesha mashua kwa nguvu za betri katika mto Neva, mjini St Petersburg, na mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé alipachika mota ya umeme nyuma ya mashua ndogo katika mto Seine. Wakati huo injini ya dizeli ilikuwa haijazaliwa. Rudolf Diesel alifaulu kuisimamisha ya kwake mwaka 1897. Ndoa ya wawili hao nayo ni kongwe, maana nyambizi za vita vikuu viwili vya dunia zilikwenda kwa dizeli zikiwa juu ya maji, na kwa betri zikisha kuzama.

La kufahamu kwanza ni kwamba chombo kidogo kikienda pole pole hakitaki nguvu nyingi. Mashua ya tani 5 hivi, bahari ikiwa shwari, yaweza kwenda maili 4 za bahari kwa saa kwa kilowati 2 au 3, yaani nguvu za farasi 3 au 4 tu. Itake maili 5, na hiyo maili moja ya ziada itakudai nguvu karibu maradufu. Maji ndivyo yalivyo, hukubali kupasuliwa taratibu, na mwenye haraka hulipa. Kwa hiyo ile injini kubwa tuionayo imekaa tezi, aghalabu nusu ya nguvu zake ni za kushindana na jirani.

Sasa mizani. Lita 1 ya dizeli, baada ya joto lake jingi kupotea, huipa rafadha kama kilowati 3 kwa muda wa saa moja. Ukitaka kuzihifadhi nguvu hizo katika betri za risasi utabeba kilo 100 au zaidi. Kwa betri za lithiumu, ambazo bei yake imeshuka sana tangu mwaka 2010, ni kama kilo 30. Lita moja kwa kilo thelathini! Basi asikudanganye mtu kwamba jahazi litatoka Lamu kwenda Mombasa, safari ya zaidi ya maili 100, kwa betri peke yake siku ambayo hapana upepo. Hapo ndipo dizeli inapobakishwa.

Mafundi wana njia mbili za kuwaoanisha. Ya kwanza, dizeli na mota zote hushika shafti moja, na nahodha huchagua ipi izungushe rafadha. Ya pili, dizeli haigusi rafadha kabisa. Kazi yake ni kuzungusha jenereta, jenereta hujaza betri, na betri huendesha mota. Hii ya pili husifiwa sana, lakini mimi naiogopea, kwani kila mlango ambao nguvu hupita hutozwa ushuru, na mwisho wa safari sehemu moja katika tano yaweza kuwa imepotea. Mwenye kwenda kwa mashine kutwa kucha hataokoa mafuta. Huenda akatumia zaidi. Ningekuwa na mashua, ningechukua ile ya kwanza.

Faida yenyewe i katika safari fupi. Dizeli haipendi kazi nyepesi. Ukiiacha ingurume pole pole gatini hula mafuta bure na kujijaza masizi. Mota ya umeme hushika kazi tangu mzunguko wa kwanza, na ikisimama haili kitu. Mtazame nahodha apitaye Mkanda, ile njia ya mikoko baina ya Manda na bara, maji yakiwa machache na upepo umezuiwa na miti. Betri ya kilowati 10 za saa itamvusha, na akiba ibaki. Akitoka nje hukweka tanga. Chombo kikishika mwendo mzuri, maji huizungusha rafadha nayo mota ikageuka jenereta, ikairudishia betri kidogo. Nasema kidogo: chini ya maili 5 kwa saa hupati cha maana, na rafadha hiyo huburuta chombo. Vioo vya jua juu ya paa huzalisha bila kudai mwendo.

Ninalolililia ni mlingoti. Nimeona vyombo vilivyokatwa mlingoti kwa sababu mwenyewe amenunua mashine, na vijana waliozaliwa pwani wasiojua kubisha wala kupunguza tanga. Injini moja ikizimika nje ya Shela, wakati wa kusi, watu hao wana nini mkononi? Chombo chenye tanga, dizeli na betri kina njia tatu za kurudi kwa wake na watoto. Tena tangu mashine ilipoanza kunguruma mabaharia wameacha kuimba, maana hawasikizani. Hilo nalo kwa mtunga mashairi ni hasara, ingawa najua halina bei sokoni.

Chumvi na umeme ni maadui, hilo lisifichwe. Waya uliovuja huila chuma cha shafti upesi, hivyo kipande cha zinki cha kuliwa badala yake hakikosi kubadilishwa. Betri za risasi zikijazwa hutoa hewa inayoshika moto, zataka tundu la kupumua.

Niliyazungumza haya na fundi mmoja wa kuunda vyombo, nikidhani uzito wa betri utamtisha. Akacheka. Mashua, alisema, hubeba mifuko ya mchanga kwa farumi hata hivyo, basi betri zikae mahali pa mchanga. Kilichomshughulisha ni kwamba farumi ya mchanga huhamishwa upepo ukigeuka, na betri haihamishiki. Na maji yakitoka, chombo hulala ubavu ufukoni, maji ya ngamani yakapanda upande mmoja. Akachora kwa kijiti mchangani sanduku lililofungwa kwenye mataruma, katikati kabisa, shibiri mbili juu ya mkuku, kisha akafuta akalichora tena juu zaidi.