Asidi Kali au Asidi Iliyokolea? Istilahi za Titresheni

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza watafsiri wa vitabu vya sayansi ni neno "kali". Pilipili ni kali, jua ni kali, siki ni kali. Na asidi nayo huitwa kali. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna dhara. Katika kemia, hata hivyo, neno hilo moja hubebeshwa dhana mbili zilizo mbalimbali: nguvu ya asidi, na wingi wa asidi iliyomo katika maji. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa jaribio moja la maabara, kwa nini dhana hizo hazina budi kuwa na istilahi mbili.

Maana ya maneno

Titresheni ni njia ya kupima ukolezi wa mmumunyo kwa kuubatilisha na mmumunyo mwingine ambao ukolezi wake unajulikana. Asili yake ni neno la Kifaransa titre, lililotumika kwa kiwango cha usafi wa dhahabu au fedha. Sikio la Mswahili husikia humo "tiririka", lakini kufanana huko ni kwa bahati tu. Kwa hiyo mtafsiri anayeandika "kudondosha" ataja kazi ya mkono, wala hataji kusudi la kazi hiyo.

Mmumunyo watokana na kumumunyika. Sukari humumunyika katika chai, bali barafu huyeyuka kwa joto. Ni vema mambo haya mawili yasichanganywe. Ukolezi nao watokana na kukolea, kama tusemavyo kuwa chai imekolea sukari. Kinyume cha kukoleza ni kuzimua.

Utaratibu wa jaribio

Tuchukue siki ya mezani, ambayo asidi yake ni asidi ya asetiki. Kwanza sentimita za ujazo 25 za siki huongezwa maji safi hadi zifike 250, yaani huzimuliwa mara kumi. Kisha sentimita za ujazo 25 za siki hiyo iliyozimuliwa hupimwa kwa pipeti na kutiwa katika chupa yenye umbo la pia, pamoja na matone mawili matatu ya kiashirio kiitwacho fenoftalini. Juu yake huwekwa bureti, ambayo ni mrija wa kioo wenye alama za vipimo na koki upande wa chini, uliojazwa haidroksaidi ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita.

Koki hufunguliwa polepole huku chupa ikitikiswa, na mwishoni besi hutiwa tone kwa tone. Asidi na besi hubatilishana na kuzaa chumvi na maji. Mara rangi hafifu ya waridi inapobaki bila kutoweka, koki hufungwa. Hapo ndipo kikomo. Jaribio hurudiwa mpaka vipimo vipatane.

Tuseme bureti imetoa sentimita za ujazo 20.8. Moli za besi ni 0.1 × 20.8 ÷ 1000, yaani 0.00208. Moli moja ya asidi hii hubatilishwa na moli moja ya besi hiyo. Basi moli za asidi ni hizo hizo. Zikigawanywa kwa lita 0.025 twapata 0.0832, na siki yenyewe, kabla ya kuzimuliwa, ilikuwa na moli 0.832 kwa lita. Moli moja ya asidi ya asetiki ni gramu 60; hivyo kila lita ya siki ina takriban gramu 50 za asidi.

Fundisho kwa mtafsiri

Sasa badala ya siki iliyozimuliwa tutie asidi ya hidrokloriki yenye ukolezi ule ule. Bureti itatoa sentimita 20.8 zile zile. Lakini asidi hizi hazilingani kwa nguvu: ya hidrokloriki huachana yote kuwa ioni ndani ya maji, ilhali ya asetiki, katika ukolezi huo, huachana kiasi cha molekuli moja au mbili tu katika kila mia. Besi inapoziondoa ioni zilizopo, molekuli nyingine huachana, hadi zote zinamalizika. Basi bureti hupima ukolezi, haipimi nguvu.

Kwa sababu hiyo inafaa tuseme "asidi yenye nguvu" na "asidi dhaifu" tunapotaja tabia ya asidi yenyewe. Na "iliyokolea" na "iliyozimuliwa" tunapotaja kiasi chake katika maji. Asidi ya salfuriki iliyomo katika betri ya gari imezimuliwa, lakini ni asidi yenye nguvu. Asidi ya asetiki iliyokolea ni dhaifu, lakini huunguza ngozi.

Mfano huo wa mwisho wawahusu hasa maofisa wanaoandika lebo na maagizo ya kazi. Mfanyakazi asomaye "asidi dhaifu" aweza kudhani ni salama, akaishika bila glavu. Kwenye lebo ya onyo, neno "kali" na libaki, kwa kuwa kila mtu analielewa. Lakini liandamane na jina la asidi na kipimo cha ukolezi wake. Katika kitabu cha kemia, mwalimu na mtafsiri waliache, watumie istilahi mbili zilizotajwa.